Mjomba wa Kukodi

Shuleni kwetu watu huagana mara mbili. Mara ya kwanza ni siku ya mahafali, mwishoni mwa Machi, kwa risala, majoho na machozi ya hadharani. Mara ya pili ni Mei, mtihani wa taifa ukiisha, kila mtu akiwa barabarani na tranka lake, na hapo hakuna anayelia kwa sababu basi linapiga honi. Katikati, kabla mtihani haujaanza, kuna wiki tano za kulala bweni lilelile na watu uliokwisha kuwalilia. Mwaka jana niliwaona kidato cha sita wakikumbatiana saa kumi alasiri kama wanaohamia nchi mbalimbali, na saa kumi na mbili wakagombania ukoko jikoni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka huu zamu ilikuwa yetu, watu ishirini na watatu wa mchepuo wa biashara, na mimi sikucheka. Kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa nimekwenda chooni mara nne bila haja yoyote, nimefunga kamba za viatu na kuzifungua, na nimezunguka turubai la sherehe kama mlinzi aliyeibiwa. Sababu ilikuwa ujumbe alioniletea karani jana yake jioni: "Baba yako amepiga simu. Anakuja mwenyewe."

Kwa kijana mwingine hiyo ni habari njema. Kwangu mimi ilihitaji maelezo.

Mambo yalianza kidato cha tano, siku ya mazishi. Marehemu alikuwa mdudu wa maharage. Nilimkuta kwenye sahani yangu akiwa na wenzake kumi na mmoja, nikaona si haki kumtupa bila heshima. Jilala, rafiki yangu anayelala kitanda cha chini ya changu, alitengeneza jeneza kwa boksi la chaki. Mimi nilisoma wasifu: marehemu alizaliwa ghalani, akasomea ghalani, na ameacha wajane wasio na idadi. Wanafunzi mia mbili walitufuata wakiimba polepole. Tulipofika kwenye bustani ya maua mbele ya ofisi, tulimkuta Mkuu wa Shule, Mwalimu Bartholomeo, amesimama juu ya kaburi tulilochimba.

"Mfiwa ni nani?" aliuliza.

Nilinyoosha mkono. "Ni mimi, Mkuu."

"Pole sana. Kalete wazee wa ukoo."

Kila mwanafunzi wa bweni anajua dawa ya ugonjwa huo. Dawa yake ni mzazi wa kukodi. Unatafuta mtu mzima mwenye sura ya huzuni, unamlisha, unamfundisha jina lako, anakuja kukugombeza mbele ya walimu, mnaachana getini na hamjuani tena. Mimi nilimpata Makoye, kwa mama ntilie wa njia ya uwanja wa ndege hapo Ibadakuli. Alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Duara lao, yaani shimo wanalochimba kule Segese, lilikuwa limejaa maji, naye alikuwa amekuja kwa dada yake kusubiri yapungue. Tulikubaliana kwa sahani mbili za wali na sangara. Kwa kuwa lafudhi yake ya Kisukuma haikuweza kuzaa mtoto anayeitwa Akida Nuruddin, tuliamua awe mjomba, kaka wa mama.

Makoye aliingia ofisini akaigiza kuliko nilivyomlipa. Alinigombeza kwa lugha mbili. Alilia. Alisema mama yangu akisikia atalazwa, na mama yangu muda huo alikuwa Nyahanga, Kahama, mzima wa afya, anapepeta mchele. Mkuu alimwagizia soda, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Ndugu Makoye, kosa moja zaidi, na kijana huyu atahama bweni siku hiyohiyo. Mtihani ataufanya akitokea nyumbani."

"Hata mimi nitamsaidia kubeba godoro," Makoye alijibu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumchagua mtu ambaye kazi ingemwingia moyoni. Mwezi uliofuata alirudi bila kuitwa, amebeba mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya darasa zima, akaomba kuona maendeleo ya mpwa wake. Maji ya Segese yalikataa kupungua, na Makoye hakukosa mkutano hata mmoja. Mwisho wa mwaka wazazi wenzake wakamchagua kuwa mjumbe wa kamati. Alikuwa na kiti chake. Walimu walimwomba ushauri juu ya paa la bweni la wasichana. Baba yangu halisi, Mzee Nuruddin, muuza pampu na mabomba, alikuwa akipewa na mimi taarifa ileile kila mkutano ulipoitishwa, kwamba umeahirishwa.

Sasa, siku ya mahafali, ratiba ilikuwa imebandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Namba tisa: Neno la Wazazi, Ndugu Makoye.

Nilimtuma Jilala akamwambie Makoye kwamba sherehe imesogezwa mpaka Jumapili. Alirudi baada ya nusu saa, anatembea kama mtu aliyetoka kutoa pole.

"Amekataa."

"Amekataaje? Tarehe inakataliwa?"

"Amesema tarehe ilipangwa na kamati, na yeye alikuwepo."

"Amevaa nini?"

"Suti. Ya bluu. Lebo bado iko kwenye mkono."

Hapo nikajua hali ni mbaya. Mtu aliyevaa suti yenye lebo harudi nyumbani kirahisi.

Nilikuwa nakimbia kwenda jikoni kutafuta upenyo wa pili nilipogongana na Melania, kiranja wetu, risala imekunjwa mkononi.

"Akida! Picha ya darasa tumejipanga mara tatu, na mara tatu wewe hupo. Mpiga picha anadhani tuko ishirini na wawili."

"Nakuja."

"Unakuja wapi? Simama dakika moja nikuone. Kuna nini?"

Nilimwambia. Melania hakucheka, jambo ambalo halikunisaidia.

"Si umwambie baba yako ukweli kabla hajakaa?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Juni."

"Akida, umenitilia chumvi kwenye chai miaka miwili. Umeweka mjusi kwenye dawati langu siku ya ukaguzi. Nimekuvumilia. Ukifukuzwa bwenini leo, mimi hizi wiki tano nimchukie nani?"

Akaondoka haraka, kana kwamba amesema kitu ambacho hakimo kwenye risala.

Ndicho hasa kilichokuwa kinanikimbiza. Watu walidhani naogopa fimbo. Mimi nilizitaka zile wiki tano. Baada ya Mei, Jilala anarudi kwenye ng'ombe wa babu yake kusubiri matokeo, Melania anakwenda kokote wanakokwenda watu wenye akili, na mimi naingia nyuma ya kaunta Nyahanga kuuliza watu wanataka bomba la nusu inchi au robo tatu. Wiki tano za kusoma kwa makundi, kulalamika na kugombania ndoo ndizo zilikuwa zimebaki, na zilikuwa zimekaa juu ya ulimi wa mchimbaji mmoja mwenye suti.

Saa nne kasoro pikapu ya duka iliingia, nyuma ina mabomba. Baba alishuka na kanzu, koti na kofia ya kufuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Furaha, baba."

"Hm. Na hili la leo halijaahirishwa?" Alilitazama turubai, mapambo na watu wapatao mia tatu. "Maana nimeahirishiwa mara saba. Nikasema safari hii nije nione wanavyoahirisha."

Nilimpeleka kwenye kiti nilichomwandalia, nyuma kabisa, mbele ya spika yenye ukubwa wa kabati la nguo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mtu aliyekaa pale hawezi kusikia jina la mtu yeyote mpaka kesho kutwa. Makoye alikuwa amekwisha kufika na kukaa upande wa pili, mstari wa kamati. Kisha nikaenda kukaa kwenye benchi la wahitimu, goti langu likitikisika hadi Jilala akaliwekea mkono.

"Benchi zima linatetemeka," alinong'ona. "Tunaonekana kama tuna malaria ya pamoja."

Muziki ulipowashwa, baba aliruka kutoka kwenye kile kiti kama aliyekalia moto. Alitazama huku na huku, akaona nafasi mbele, akaenda akakaa. Kando ya suti ya bluu.

Nilinyakua chupa mbili za maji kwenye meza ya wahudumu, nikaenda mbio kwa mwendo wa adabu.

"Pampu ya inchi mbili haiwezi kazi hiyo," baba alikuwa akisema. "Unasema duara lina futi ngapi?"

"Mia na ishirini, mzee."

"Basi mnanywesha kuku. Mnataka ya inchi tatu."

"Ndicho nilichowaambia wenzangu!" Makoye alipiga paja. "Wabeja, mzee! Asante sana. Wewe unaelewa. Una mtoto hapa?"

"Ninaye mmoja. Na wewe?"

"Mpwa. Mtundu huyo, usiombe! Alizika mdudu wa maharage, na jeneza juu."

Baba alicheka hadi kofia ikakaa upande. "Wangu naye si haba. Lakini ujinga wa kufikia huo, hapana. Huyo mpwa wako analelewa na nani?"

"Maji, wazee wangu," nilisema.

Makoye aliinua uso ukiwaka kwa furaha. "Aa! Si ndiye huyu hapa..."

Chupa ilikuwa wazi. Maji yalimwagika kwenye suti ya bluu kwa bahati mbaya niliyoipanga papo hapo. Nikamwomba radhi, nikamshika mkono, nikamtoa nje ya turubai kwenda kumkausha.

"Yule ni baba," nilimwambia tulipofika nyuma ya nguzo.

"Baba wa nani?"

"Wangu."

Alichungulia. "Mbona hamfanani?"

"Nimefanana na mama."

"Kweli," alisema, kwa moyo mmoja. "Upande wetu damu yetu ina nguvu."

"Makoye! Huna upande! Tafadhali, nenda nyumbani. Mkuu akijua, nahama bweni leo."

Alijitazama kifuani, pale maji yalipochora ramani. "Ng'wanone, mtoto wangu, nimeandika hotuba. Siku nne nimeandika."

"Isome. Ila usinitaje."

"Hotuba yote ni wewe."

Hakukuwa na muda wa kuihariri. Spika ilituita: wahitimu wote wasimame, wazazi wajiandae kuwavisha mashada. Mkuu alikuwa ameibadilisha ratiba, risala na mashada kwanza, hotuba baadaye, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na safari. Melania alisoma risala kwa sauti nzuri na wasichana wakaanza kulia palipoandikwa kwamba walie. Sikusikia neno. Nilikuwa namtazama Makoye akirudi kwenye kiti chake na baba akimpa leso ya kujifutia.

Kisha Mkuu akashika kipaza sauti na orodha. Orodha ilikwenda kwa alfabeti. Jina langu linaanza na A.

"Akida Nuruddin! Mzazi wake aje amvishe!"

Watu wawili walisimama. Muziki ulipanda. Baba alikuja kwa hatua za mtu asiyecheza ngoma lakini aliyeamua kujaribu leo, shada la dhahabu mkononi. Makoye alikuja akitikisa mabega, mzee mzima, shada lake la kijani juu ya kichwa. Wakinamama wakapiga vigelegele. Baba alimwona jirani yake anakuja upande uleule, akadhani mpwa wake naye ameitwa, akamwachia nafasi kwa heshima. Walifika mbele yangu pamoja.

"Mnaona, wazazi?" Mkuu alisema. "Familia za kuigwa ndizo hizi. Baba na mjomba, mtu na shemeji yake, bega kwa bega!"

Baba alimtazama Makoye, akanitazama mimi. Kipaza sauti kilikuwa karibu na kidevu chake.

"Mjomba wa upande upi?" aliuliza, na ile spika kubwa ikalipeleka swali hadi barabarani. "Mke wangu hana kaka. Kwao wamezaliwa wasichana watano."

Muziki ulizimwa. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Wa kwanza ulihusu ndugu wa kunyonya, na ulikuwa mzuri kweli. Nilikuwa nimeulea tangu usiku. Jilala alikuwa ananipandishia nyusi kutoka kwenye benchi, maana yake: toa ule wa kunyonya.

Lakini Makoye alitangulia. Alilishusha shada kutoka kichwani.

"Mkuu, kosa ni langu," alisema. "Nilijileta mwenyewe. Nilikuwa na njaa siku ile, nikajipachika. Kijana hakujua lolote. Hata kwenye kamati mnifute."

Alisema hayo mbele ya kamati nzima, suti imelowa, lebo inaning'inia. Mama mmoja wa kamati aliziba mdomo kwa khanga. Makoye alibaki ameshika lile shada kwa mikono miwili, kama aliyebeba sahani ya mtu mwingine.

"Nilimkodi mimi," nilisema.

Sikupanga. Yalinitoka tu, na spika haikuniacha.

"Nilimkodi mimi, baba. Kwa wali na samaki."

Ofisini tulikuwa wanne. Mkuu alikaa, sisi watatu tulisimama, na baba alikuwa akihesabu kwa vidole vyake kimyakimya. Alipofika saba alinitazama.

"Nilisema nini siku ile?" Mkuu aliuliza.

"Kosa moja zaidi, siku hiyohiyo, Mkuu."

Dirisha lilikuwa wazi. Huko nje mgeni rasmi alikuwa ameshika kipaza sauti, na tulimsikia akisema kwamba kijana aliyeweza kumtafutia shule mjumbe wa kamati mchapakazi namna ile ameuelewa mchepuo wa biashara kuliko wote, na kwamba anamwomba Mkuu wa Shule amsamehe. Watu walishangilia kwa muda mrefu. Nilisikia wazi sauti ya Jilala.

Mkuu aliinuka akafunga dirisha.

"Mgeni rasmi anaondoka saa tisa," alisema. "Mimi nabaki na wanafunzi mia nne, na wote wana wajomba barabarani. Utarudi siku za mtihani. Utaingia, utaandika, utatoka. Bwenini usikanyage."

Makoye alijaribu kuniombea. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kamati itamjadili Alhamisi na kwamba asikose kufika, kwa sababu lile paa bado halijaisha.

"Siku za mtihani atalala wapi?" baba aliuliza. "Kutoka Nyahanga kila asubuhi haiwezekani."

Makoye alikohoa.

"Mimi nina chumba kwa dada yangu. Ila kitanda ni kimoja, mzee. Na ni changu."

"Atalala chini," baba alisema. Walipeana mikono juu ya kichwa changu kama watu waliouziana pampu. Kisha baba akanigeukia. "Kuanzia leo nikikuuliza kitu, jibu la kwanza liwe ndilo la kweli. Sitaki la pili."

"Ndiyo, baba."

"Una nusu saa."

Nilikunja godoro. Nilijaza tranka. Kitanda changu kikabaki chuma na kamba, na bwenini hapakuwa na mtu wa kukiona, kwa kuwa wote walikuwa turubaini wakiagana. Nikaenda kuagana na mimi.

Walinipokea kwa kelele. Kabla sijafungua mdomo walikuwa wameninyanyua juu.

"Umesamehewa!" Jilala alipiga kelele. "Mgeni rasmi amekusifia mbele ya wazazi! Baba yangu amesema kumbe unasoma!"

"Nishusheni. Jilala, naondoka. Leo. Sasa hivi."

"Na mimi nimeteuliwa kuwa askofu."

"Nimekunja godoro."

"Umelikunja la nani? Kama ni langu nitakuua."

Nilijaribu kwa mwingine, na mwingine. Nilipomwambia Vumilia, mpiga ngoma wetu, kwamba tutaonana kwenye chumba cha mtihani, mahali ambapo kuongea ni kosa, aliniangalia usoni, akaangua kicheko, akaita wenzake waje waone nilivyokaza uso. Walisema hii ndiyo bora kuliko zote. Walisema hata mdudu hakuzikwa kwa sura kama ile.

Melania nilimkuta anapanga viti, joho limemning'inia begani.

"Ile barua ya kidato cha tano," nilimwambia, "ya mvulana wa Kahama aliyesifia insha yako. Niliandika mimi."

"Najua. Mwandiko wako una maringo." Aliweka kiti chini. "Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu naondoka."

"Akida, bwana. Tumeshakusamehe wote, pumzika." Lakini alinipa mkono, na alichelewa kidogo kuuachia. "Kesho saa mbili usiku, kundi la uchumi. Usichelewe."

Nilikwenda kubeba tranka.

Nilipotokeza na tranka kichwani, godoro kwapani, na baba akiwa anawasha pikapu, darasa zima lilipasuka. Walidhani nimefika kileleni. Walikuja mbio hadi ukingo wa uwanja, wakaanza maombolezo. Jilala alijitupa chini na joho lake jipya, akagaagaa kwenye vumbi akiita jina langu. Wasichana walijifunga khanga viunoni wakapiga mayowe ya msiba. Mtu alisoma wasifu wangu: alizaliwa Nyahanga, akasomea adhabu. Ulikuwa wasifu mzuri. Nilipandisha tranka juu ya mabomba, nikawageukia, nikainama kama msanii mbele ya watu wake, na wao wakaomboleza na kulia kwa nguvu zaidi.

Makoye peke yake, kando ya geti, alikuwa ameshika leso ya baba na anaitumia kwa kazi yake halisi.

Tuliondoka taratibu. Baba alitazama kwenye kioo.

"Wenzako wanakupenda. Wanalia kweli wale?"

Nilitoa jibu la kwanza.

"Hapana, baba. Bado hawajajua."

Tulipita geti. Kwenye kioo cha upande wangu niliona kundi likicheka na kuinuana kutoka kwenye vumbi, na Melania akitoka mlango wa bweni letu la wavulana, mahali ambapo msichana haruhusiwi kukanyaga. Alisimama. Kisha akakusanya joho lake kwa mikono miwili, akaanza kukimbia kuelekea barabarani.

"Baba," nilisema.

Baba alikuwa ameshamwona. Alikanyaga breki, na mabomba yote nyuma yakagongana.